Kununua Ardhi na Kujenga Ukiwa Mgeni Katika Nchi za Tropiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu waliohamia nchi za joto kwa kazi, kwa ndoa au kwa kustaafu, wakakuta viwanja vinatangazwa kwa bei ambayo hailingani na maisha wanayoyaona mtaani. Majibu yanamlenga anayetaka nyumba ya kuishi mwenyewe. Mwekezaji wa hoteli ana hesabu zake nyingine.

Kwa nini viwanja wanavyotangaziwa wageni ni ghali namna hii?

Mara nyingi kuna masoko mawili juu ya ardhi ileile. La kwanza ni la wenyeji: majirani, ndugu na watu wanaofahamiana, wanaouziana kwa fedha ya nchi na kwa habari za mdomo. La pili ni la wageni: matangazo ya intaneti, picha za machweo, bei kwa dola au kwa yuro. Madalali wengi wanaopata wateja kwa intaneti wanaishi kwenye soko hili la pili, na wewe ukifika ndilo unaloliona.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana, nami naiona nzito kuliko zote. Katika nchi nyingi za tropiki, kukaa na ardhi tupu hakugharimu karibu kitu. Kodi ya ardhi ni ndogo au haikusanywi. Mwenye kiwanja alikirithi au alikinunua taslimu, kwa hiyo hakuna benki inayomdai riba kila mwezi. Anaweza kutaja bei anayoitamani akasubiri hata miaka 10. Mahali ambapo wamiliki wengi wana mikopo, soko likipoa watu hulazimika kuuza na bei hushuka. Mahali ambapo hawana mikopo, soko likipoa mauzo husimama, lakini bei kwenye matangazo hubaki palepale. Ndiyo maana unaweza kupita barabara yenye bango la "kinauzwa" kila baada ya hatua chache, na bado kila mwenye bango anakwambia bei imepanda.

Tena bei huambukizana. Mgeni mmoja akinunua kwa bei kubwa, kwa kuwa kwao fedha ile inanunua chumba kimoja tu, habari itawafikia wenye mashamba wote wa njia ile kabla ya wiki kwisha. Kuanzia hapo hiyo ndiyo bei ya kila mtu. Simlaumu muuzaji, yeyote angefanya vivyo hivyo na mali yake. Lakini wewe usichukue uamuzi wa mgeni mmoja aliyekuwa na haraka ukauita bei ya soko.

Sasa nitajuaje bei halisi?

Anza kwa kutenganisha bei inayoombwa na bei iliyolipwa. Bei ya tangazo ni ombi. Unachohitaji ni mauzo yaliyokamilika, na hayo ni magumu kuyapata, kwa sababu nchi nyingi hazichapishi takwimu za mauzo, na pale ambapo hati inaonyesha bei, mara nyingi imeandikwa ndogo kuliko iliyolipwa ili kukwepa kodi. (Ukiombwa ukubali kuandika bei ya chini kwenye hati yako, kataa. Siku utakapouza kwa bei ya kweli, sheria itaona umepata faida kubwa ambayo hukuipata, na utaitolea kodi.)

Njia ninazoziamini ni tatu. Ya kwanza ni mthamini mwenye leseni uliyemtafuta na kumlipa wewe mwenyewe, asiyependekezwa na dalali wala muuzaji. Ya pili ni kuuliza benki ingekopesha kiasi gani kwa dhamana ya kiwanja hicho. Hata kama hukopi, jibu lina maana, kwa sababu benki inaweka fedha yake yenyewe hatarini. Ya tatu ni kodi ya pango. Tafuta nyumba inayofanana na unayoiota, eneo lilelile, uulize inapangishwa kwa kiasi gani kwa mwaka. Kisha ugawe gharama yote ya kununua na kujenga kwa kodi hiyo. Ukipata 12 au 15, mazungumzo yanaweza kuendelea. Ukipata 30 au 40, maana yake ungeweza kukaa katika nyumba kama hiyo miaka 30 au 40 kwa fedha ileile, bila kupaka rangi wala kubadilisha bati hata moja. Kipimo hiki hakihitaji kujua sarafu wala siasa za mahali, na hakibembelezwi na mandhari.

Uliza pia kiwanja kimekaa sokoni muda gani. Kilichokaa miaka mitano bila mnunuzi kimekwisha kukujibu.

Dalali anasema bei itapanda maradufu uwanja wa ndege ukijengwa. Niharakishe?

Hapana. Kama uwanja umeahidiwa, ahadi hiyo tayari imo ndani ya bei unayotajiwa. Usipojengwa, utakuwa umelipia uwanja ulioko kwenye karatasi tu.

Je, sheria inaniruhusu mgeni kumiliki ardhi?

Inategemea nchi, na tofauti ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mifano michache inatosha kukuonyesha upana wake.

Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 65, inamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa upangaji usiozidi miaka 99 tu. Hati yoyote inayodai zaidi ya hapo inahesabiwa kuwa ya miaka 99. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, kwa hiyo nyumba ya kuishi tu haitoshi kuwa sababu. Ufilipino, Katiba ya 1987 inawahifadhia ardhi raia na kampuni zenye angalau asilimia 60 ya umiliki wa raia. Mgeni anaweza kumiliki fleti mradi sehemu ya wageni katika jengo haizidi asilimia 40. Thailand nayo kwa kawaida haimwachii mgeni ardhi, lakini anaweza kumiliki fleti ndani ya kiwango cha asilimia 49 cha jengo, au kupanga ardhi kwa mkataba unaosajiliwa wa hadi miaka 30. Vanuatu, ardhi yote ni ya wenyeji wa asili kwa mujibu wa katiba ya uhuru wa 1980, na mgeni hupanga kwa miaka isiyozidi 75. Fiji, karibu asilimia 87 ya ardhi ni ya jamii za wenyeji na haiuzwi, hupangishwa. Meksiko inazuia mgeni kushika moja kwa moja ardhi iliyo ndani ya kilometa 50 kutoka pwani au kilometa 100 kutoka mpakani. Humo benki hushika hati kwa niaba yake katika amana ya miaka 50 inayoweza kuhuishwa. Kosta Rika, kwa upande mwingine, inamruhusu mgeni kumiliki ardhi yenye hati kama raia, isipokuwa ukanda wa ufukweni nitakaoueleza chini.

Unaona basi kwamba neno "unanunua" kwenye tangazo linaweza kuficha mambo manne tofauti: umiliki kamili, upangaji wa miaka, amana ya benki, au haki ya kukalia tu isiyo na hati. Uliza moja kwa moja: jina langu litaandikwa kwenye daftari gani la serikali, kama nani, na mpaka mwaka gani?

Na ikiwa ni upangaji, gawa bei kwa miaka iliyobaki. Upangaji wa miaka 30 ambao mpangaji wa kwanza ameutumia 8 ni wa miaka 22. Thamani yake inapungua kila Januari, hata kama mtaa unapendeza zaidi. Ahadi ya "utaongezewa mingine 30" isipokuwa imesajiliwa kama haki, ichukulie kuwa nia njema ya mtu ambaye huenda miaka 30 ijayo hatakuwepo.

Mwenyeji ninayemwamini anaweza kushika hati kwa jina lake kwa niaba yangu?

Usifanye hivyo. Nasema bila kuzungushazungusha kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza kila kitu kwa siku moja. Sheria ya msingi ya ardhi ya Indonesia, ya 1960, inamhifadhia raia haki ya umiliki kamili, na inabatilisha mikataba inayolenga kumhamishia mgeni haki hiyo kwa njia ya kificho: ardhi inaangukia kwa serikali na fedha uliyolipa hairudi. Nchi nyingine zina vifungu vyenye nia hiyohiyo. Ina maana mkataba wako wa siri na rafiki huyo hauwezi kukulinda, kwani ukiupeleka mahakamani unakwenda kukiri kwamba mlikusudia kuikwepa sheria.

Na uaminifu wa rafiki hautoshi. Anaweza kufa, na warithi wake hawakukuahidi chochote. Anaweza kuachana na mwenzi wake, na mahakama ikagawa mali iliyo kwa jina lake. Anaweza kudaiwa, na mdai akaikamata. Hakuna hata mmoja aliyekudhulumu katika mifano hii mitatu, na bado umebaki bila nyumba.

Ukiwa umeoa au kuolewa na raia, fuata sheria ya ndoa na mirathi ya nchi hiyo kwa uwazi, mwandike wosia unaotambuliwa huko, na mpate wakili kila mmoja na wake. Ni mazungumzo mazito kati ya watu wanaopendana, lakini ni mepesi sasa kuliko baada ya msiba.

Kiwanja cha ufukweni kina thamani ya bei yake?

Kwa anayejenga nyumba ya kuishi, mara chache.

Kwanza sheria. Nchi nyingi huzuia ujenzi karibu na maji. Kosta Rika, sheria ya mwaka 1977 iliutenga ukanda wa mita 200 kutoka alama ya maji kujaa: mita 50 za kwanza ni za umma na hazijengwi, na mita 150 zinazofuata hutolewa kwa kibali cha matumizi cha manispaa. Mgeni lazima awe ameishi nchini miaka mitano kabla ya kupewa kibali hicho. Nyumba zilizojengwa ndani ya mita zile 50 zinaweza kuamriwa kubomolewa, hata kama zimekaa miaka mingi. Kwa hiyo pima mwenyewe ukiwa na mpima ardhi, wala usitegemee ukuta wa jirani kama ushahidi kwamba inaruhusiwa.

Pili bahari yenyewe. Fukwe husogea. Mchanga unaoliwa msimu mmoja unaweza usirudi, na kina cha bahari duniani kwa wastani kinaongezeka. Linganisha picha za zamani za satelaiti na za leo. Zinapatikana bure na zitakuonyesha ukingo ulikuwa wapi.

Tatu chumvi. Upepo wa bahari unabeba chumvi ndani ya kila kitu: bawaba, feni, jokofu, kiyoyozi, nyaya, nondo. Mita 500 au kilometa moja kutoka ufukweni, hasa nyuma ya miti au kilima, maisha ya vyuma hurefuka sana. Mimi ningechukua kilima chenye upepo, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka baharini, na tofauti ya bei ningeiweka kwenye paa zuri.

Nikague nini kabla ya kutoa hata malipo ya awali?

Hati kwanza. Wakili wako, asiye wa muuzaji, afanye upekuzi kwenye msajili: mwenye mali ni nani, kuna rehani, zuio, kesi, au haki ya njia kwa jirani? Kisha mpima ardhi atafute mawe ya mipaka ardhini na kuyalinganisha na ramani iliyosajiliwa. Si jambo la nadra kukuta ramani inasema hekta moja na ua unazunguka robo tatu yake.

Ukitazama ardhi yenyewe, nenda wakati wa masika. Kiwanja kinachopendeza kiangazi kinaweza kuwa mkondo wa maji mvua ikinyesha, na barabara yake ikawa haipitiki. Zungumza na wazee wa hapo. Waulize maji yalifika wapi mwaka yalipojaa kuliko yote. Kwenye mteremko angalia miti iliyoinama kwa pamoja na nyufa za ardhi zilizojipinda, maana ni dalili kwamba udongo unatembea. Udongo mweusi unaopasuka mipasuko mipana wakati wa jua huvimba mvua ikirudi, nao huinua msingi na kuushusha mwaka baada ya mwaka. Unaweza kujenga juu yake, lakini kwa msingi uliosanifiwa na mhandisi, na gharama hiyo lazima iondolewe kwenye bei ya kiwanja.

Maji je? Kisima cha jirani kina maji mwaka mzima? Si ya chumvi? Udongo unanyonya maji taka kwa kasi gani? Chimba shimo, lijaze maji, ulitazame. Barabara ni ya umma, au inapita shamba la mtu atakayeweza kuifunga? Umeme uko umbali gani, na nguzo za kuufikisha zinalipiwa na nani?

Jambo moja zaidi linalosahauliwa: kiwanja kisichokaliwa kinaweza kukutoka. Kenya, mtu akikalia ardhi ya mwingine waziwazi kwa miaka 12 bila kupingwa anaweza kuidai mahakamani, na Kosta Rika muda huo ni miaka 10. Ukinunua halafu ukarudi kwenu, weka ua, mtafute mlinzi mwenye mkataba wa maandishi unaokiri kwamba yeye ni mwajiriwa, na hifadhi risiti za kodi.

Kujenga ni nafuu kuliko kununua nyumba iliyosimama?

Watu wengi huamini hivyo kwa sababu wanasikia ujira wa mafundi ni mdogo. Ujira ni sehemu moja tu. Vifaa vilivyotoka nje ya nchi, kama vifaa vya umeme, mabomba mazuri, vioo na vitasa visivyoshika kutu, vinaweza kuwa ghali kuliko ulikotoka, baada ya usafiri na ushuru. Kisha kuna yale yasiyomo katika "bei kwa mita ya mraba" uliyotajiwa: kusawazisha ardhi, kuta za kuzuia udongo, ua, lango, njia ya gari, tangi la maji, shimo la maji taka, kuvuta umeme, ada za msanifu, mhandisi na kibali. Kwenye mteremko hayo peke yake yanaweza kukaribia gharama ya nyumba. Mimi hushauri kuongeza asilimia 20 juu ya makadirio ya mwisho, na asiye nayo asianze.

Nyumba iliyosimama ina faida ambayo haionekani kwenye tangazo: imekwisha kupita katika mvua. Unaona paa linavuja wapi, ukuta gani una ukungu, mchwa wamekula wapi, saa tisa alasiri chumba cha kulala kina joto gani. Na palipo na wageni wengi, daima kuna mwenye nyumba anayetaka kurudi kwao kwa sababu ya afya au wajukuu. Huyo ndiye muuzaji mwenye haraka ya kweli, tofauti na mwenye ardhi tupu. Mara nyingi nyumba yake huuzwa chini ya gharama ya kuijenga upya.

Jenga ikiwa utakaa miaka mingi, una muda wa kuwapo kila siku, na unataka nyumba ambayo haipo sokoni.

Nyumba gani inafaa hali ya joto na unyevu?

Hapa ndipo ninapopenda kukaa kwa muda, kwa sababu wageni wengi hujenga nyumba ya kwao chini ya jua la watu wengine, kisha hulipa umeme maisha yote kurekebisha kosa la michoro.

Katika tropiki jua la mchana linapita karibu juu ya kichwa, na la asubuhi na jioni linapiga kutoka pembeni, chini ya ukingo wa paa. Kwa hiyo nyumba iwe ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, na kuta za mashariki na magharibi ziwe fupi, zenye matundu machache, zikifunikwa na miti, stoo au ngazi. Ukiipata mandhari ya bahari magharibi, jua kwamba umenunua pia tanuri la kila jioni. Baraza pana la mita mbili au tatu litakusaidia.

Paa ndilo linalopokea joto kuliko sehemu nyingine yoyote. Rangi nyeupe au ya kung'aa, karatasi ya kurudisha joto chini ya bati, nafasi ya hewa kati ya bati na dari, na matundu ya kutolea hewa ya moto juu kabisa: mambo hayo manne ni rahisi kuyaweka wakati wa kujenga na magumu baadaye. Kingo za paa zitoke nje mita moja au zaidi, kwa kuwa zinakinga jua na mvua pamoja, na dirisha linaloweza kubaki wazi wakati mvua inanyesha lina thamani kubwa usiku wa masika.

Hewa ipite. Chumba kiwe na matundu pande mbili zinazotazamana, na nyumba isiwe na kina cha vyumba viwili vilivyobebana mgongo kwa mgongo. Panga nyavu za mbu tangu kwenye mchoro, maana hupunguza upepo na matundu yanahitaji kuwa makubwa zaidi ili kufidia. Ukitaka kiyoyozi, kifunge katika chumba kimoja au viwili vya kulala vinavyozibika vizuri. Nyumba nzima iliyotobolewa kwa ajili ya upepo haipoozwi na mashine, na nyumba nzima iliyozibwa kwa ajili ya mashine inakuwa jiko umeme ukikatika.

Na iwe ndogo. Vyumba vya wageni wa kutoka nyumbani husimama vitupu karibu mwaka mzima, vikiota koga.

Mchwa, kutu na ukungu: nifanyeje?

Mchwa wengi hutoka ardhini. Tibu udongo kabla ya kumwaga jamvi la zege la sakafu, usifukie vipande vya mbao wala vibao vya kumwagia zege ndani ya msingi, na acha sehemu ya msingi ionekane juu ya ardhi pande zote ili vijia vyao vya udongo vionekane mapema. Mbao zote ziwe zimetiwa dawa. Mianzi nayo ni nzuri ikitibiwa kwa chumvi ya boroni na kukingwa mvua. Isiyotibiwa itatobolewa na vidudu mapema sana.

Kutu ndani ya zege ni ugonjwa unaojificha. Nondo zikishika kutu huvimba, hupasua zege na kulidondosha vipande. Chanzo kikuu ni chumvi, inayoingia kwa mchanga wa bahari, maji ya chumvi, au zege jembamba juu ya nondo. Kataza mchanga wa ufukweni usiooshwa. Karibu na bahari taka angalau sentimeta 5 za zege juu ya nondo. Zuia mafundi kuongeza maji ili mchanganyiko uwe laini, na zege limwagiliwe maji siku 7 kwa uchache. Vipimo vya nguvu husomwa kwa kawaida siku ya 28. Mambo haya ni ya bei ndogo sana, yanahitaji jicho tu.

Ukungu huondolewa na hewa na mwanga. Kabati lisigusane na ukuta wa nje, na liwe na matundu.

Je, vimbunga na matetemeko vinanihusu?

Vimbunga vya kitropiki huwa nadra sana ndani ya takriban nyuzi 5 za latitudo kutoka ikweta, kwa sababu athari ya dunia kujizungusha ni dhaifu mno hapo kuvizungusha. Karibea, Ufilipino, Msumbiji, Madagaska na visiwa vingi vya Pasifiki viko kwenye njia yavyo. Idai ilipiga Beira mwezi Machi 2019. Otis ilifika Acapulco, Meksiko, Oktoba 2023 ikiwa ya daraja la 5, la juu kabisa, baada ya kukua ghafla ndani ya siku moja. Upepo huinua paa kwa kulivuta juu, hivyo kenchi zifungwe kwa mikanda ya chuma hadi kwenye ringi, yaani mkanda wa zege juu ya kuta, na ringi ishikamane na nguzo mpaka msingini. Paa la migongo minne hustahimili kuliko la migongo miwili.

Kwa matetemeko, Haiti ya Januari 2010 iliuonyesha ulimwengu kwamba zege dhaifu lenye nondo chache ni hatari kuliko nyumba nyepesi ya mbao. Ukiwa katika nchi yenye matetemeko, mlipe mhandisi wa miundo, hata kama manispaa haimdai.

Kabla ya kununua uliza kampuni ya bima itakutoza kiasi gani. Ikikataa kabisa, imekupa ushauri wa bure.

Ninaweza kusimamia ujenzi nikiwa mbali?

Kwa picha za simu, hapana. Zege likishamwagwa, huwezi kuhesabu nondo.

Kama huwezi kuwapo, mlipe mhandisi au mkadiriaji majenzi asiyehusiana na mkandarasi, mwenye wajibu wa kusaini kila hatua kabla hujalipa. Mkataba uwe wa maandishi, kwa lugha ya mahakama za nchi hiyo pamoja na lugha unayoielewa, ukiambatana na michoro na orodha kamili ya vifaa na vipimo. Lipa kwa hatua zilizokamilika: msingi, kuta, paa, umaliziaji. Usikubali fedha yako iwe mbele ya kazi. Bakiza asilimia 5 hadi 10 mpaka nyumba ipite msimu mmoja wa mvua.

Mabadiliko ya mchoro katikati ya kazi ndiyo yanayovunja bajeti na urafiki. Amua kila kitu kwenye karatasi, hata mahali pa swichi.

Na waheshimu mafundi. Wanajua jua linachomoza wapi, mvua inapiga kutoka upande gani, mbao ipi haiozi. Uliza kabla ya kuamuru.

Maji na umeme vitategemewa?

Panga kana kwamba vitakatika. Milimeta 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita 100 za mraba penye mvua ya milimeta 1,000 kwa mwaka linapokea lita 100,000, ambazo sehemu kubwa yake unaweza kuihifadhi. Tangi lifunikwe na kuwekewa wavu, la sivyo unafuga mbu. Kwa umeme, kinga dhidi ya umeme unaoruka na ya radi ni ya lazima, kabla hujafikiria paneli za jua.

Ni kweli nipange kwanza?

Ndiyo, angalau mwaka mzima, ili kiangazi na masika vyote vikupitie. Panga katika mtaa uleule unaotaka kununua. Utajua kelele za usiku, harufu za upepo, foleni, hospitali iko mbali kiasi gani mtoto anapougua homa, na kama una marafiki au una majirani tu. Utajifunza lugha kiasi cha kusikia bei za soko la kwanza, lile la wenyeji. Akiba unayodhani unaipoteza kwenye kodi ya pango ni ndogo ukiilinganisha na ada za kuhamisha hati, kodi ya mauzo na kamisheni ya dalali utakazolipa mara mbili ukikosea mtaa.

Na nikitaka kuondoka, itauzika?

Jiulize leo nani atainunua. Ikiwa jibu pekee ni "mgeni mwingine kama mimi," soko lako ni dogo na linategemea safari za ndege, thamani ya sarafu na sera za viza za nchi mbili. Nyumba ambayo familia ya hapo ingeipenda na kuimudu, karibu na shule, barabara na maji, ina wanunuzi wengi zaidi. Kiwanja cha ukubwa wa kawaida huuzika haraka kuliko shamba la hekta nyingi, na hati safi huuzika haraka kuliko maelezo marefu.

Kuanzia siku ya kwanza weka faili moja: mkataba wa ununuzi, vibali, risiti zote za ujenzi, michoro ya nyumba jinsi ilivyojengwa kweli, na picha za mabomba na nyaya kabla ya plasta. Weka pia ushahidi wa benki kwamba fedha iliingia nchini kutoka nje. Thailand, kwa mfano, hudai ushahidi huo mgeni anaposajili fleti, na mahali penye udhibiti wa fedha za kigeni unaweza kuwa ndio utakaokuruhusu kuondoka na fedha yako. Risiti nazo hupunguza faida inayotozwa kodi pale inapotozwa. Tengeneza nakala mbili, moja ikae kwa wakili na nyingine nje ya nchi hiyo.